Somo: Mvumo wa moyo ni wa sistoli au diastoli? Jibu liko shingoni

Naandika mara moja tu. Mvumo ni sauti ya damu inayopita kwa msukosuko moyoni; sistoli ni moyo unapokaza kusukuma damu, diastoli ni unapolegea kujaa. Atakayeniuliza tena "mvumo huu ni wa sistoli au diastoli?" nitamrudisha hapa, maana nimelijibu hadi mdomo umekauka.

1. Nawa mikono, jitambulishe, omba ruhusa.

2. Mgonjwa aegemee kwa nyuzi 45, kifua wazi. Ukisikilizia juu ya shati, utasikia shati.

3. Papasa mfupa wa kidari kuanzia shimo la koo ukishuka, utakutana na kituta. Hapo ndipo ubavu wa pili unaposhikana na kidari. Chini ya ubavu huo ni nafasi ya pili kati ya mbavu. Hapo husikilizwa vali, yaani milango ya damu ya moyo: kulia ya aota (mshipa mkuu utokao moyoni), kushoto vali ya mapafu. Nafasi ya nne kushoto, kando ya kidari, trikaspidi (vali ya kati ya vyumba vya kulia vya moyo). Ya tano, kushoto pia, usawa wa katikati ya mtulinga, mitrali (ya kati ya vyumba vya kushoto); hapo ndipo kileleni mwa moyo.

4. Kidole shingoni. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mwaka wa tatu, kwenye raundi, nilisikia mvumo mzuri kabisa kileleni mwa moyo nikatangaza mbele ya wote: "Diastoli, mitrali imebana!" Mwalimu hakubisha, aliuliza tu, "Kidole chako kiko wapi?" Kilikuwa kwenye kifundo cha mkono. Pigo la mkononi hufika limechelewa, sauti ya kwanza imeshapita. Isitoshe, moyo wa yule mgonjwa ulikuwa unakwenda 110 kwa dakika, na kwa kasi hiyo diastoli hufupika hadi huwezi kuitofautisha na sistoli kwa sikio pekee. Mvumo ulikuwa wa sistoli. Mitrali ilikuwa inavuja.

Kwa hiyo gusa karotidi, mshipa mkubwa wa shingoni, kando ya koromeo, taratibu. Sauti inayokuja pamoja na pigo ni ya kwanza: mitrali na trikaspidi zinafunga. Inayofuata ni ya pili: aota na vali ya mapafu. Mvumo ukienda na pigo ni sistoli, ukija baada ya sauti ya pili ni diastoli.

ONYO: usibonyeze pande zote mbili kwa pamoja, na usisugue. Mgonjwa anaweza kuzimia mikononi mwako. Kwa mzee, isikilize karotidi kwanza; ikiwa na mvumo, iache.

5. Kiwambo (upande bapa wa kichwa cha stethoskopu) ni cha sauti nyembamba, kengele (upande wenye umbo la kikombe) ni ya sauti nzito. Kengele iguse ngozi tu. Ukiikandamiza, ngozi inakazika na kuwa kiwambo.

6. Mitrali iliyobana: alalie ubavu wa kushoto, kengele kileleni. Aota inayovuja: akae, ainame mbele, atoe pumzi na kuizuia, kiwambo kushoto mwa kidari.

MASWALI

— Mkuu, nimesikia mvumo kileleni. Ni sistoli au diastoli?

Hatua ya 4.

— Hakuna njia ya mkato bila kushika shingo?

Shingo ndiyo njia ya mkato.

— Samahani daktari, kuna kijana nikimsikiliza nafasi ya pili kushoto, sauti ya pili inagawanyika akivuta pumzi. Ni ugonjwa?

Sikio zuri hilo! Hapana, ni kawaida. Akivuta pumzi, damu nyingi zaidi hurudi upande wa kulia, vali ya mapafu inachelewa kufunga. Sasa mwambie atoe pumzi: sauti zikiungana, mwache aende zake. Zikibaki zimeachana kwa kiasi kilekile, avute au atoe, fikiria tundu kwenye ukuta wa kati ya atria (vyumba vya juu vya moyo).

— Wengine tuna stethoskopu za bei rahisi, hatusikii chochote. Ungesema hilo kwanza.

Laennec, daktari Mfaransa aliyebuni stethoskopu, mwaka 1816 alianza na karatasi iliyoviringishwa. Ncha za masikioni zielekee mbele, upande wa pua. Kisha gonga kiwambo polepole kwa kidole. Kimya? Zungusha kichwa cha stethoskopu, umefungua upande wa kengele.

— ...Ilikuwa hivyo. Wiki mbili nzima!

Mimi ilinichukua mwezi.