Kupanga Fremu za Chini na Makazi ya Juu Katika Ghorofa la Kariakoo

Anayejenga ghorofa Kariakoo, eneo la soko jijini Dar es Salaam, huanza hesabu zake na fremu za chini, yaani vyumba vya maduka, kwa kuwa kodi yake huipita mbali kodi ya nyumba za juu. Hesabu hiyo isipowekewa mipaka, wakazi hujikuta wakipanda ngazi zilizozibwa na marobota, na hatimaye nyumba zenyewe hugeuzwa stoo. Kwa hiyo mlango wa wakazi uchorwe kabla ya fremu yoyote.

Mlango huo uelekee mtaa wa pembeni, uwe na ngazi na lifti zisizopita katika eneo la biashara, na upana wake utoshe kumshusha mgonjwa kwenye machela saa sita mchana, soko likiwa limefurika. Mizigo ipewe njia yake ya nyuma, mahali ambapo guta linaweza kusimama na kushusha bila kufunga njia ya watu.

Fremu zijengwe upande wenye wapita njia tu. Mtaa wa Kongo au Msimbazi huleta wateja wenyewe, ilhali fremu inayotazama uchochoro aghalabu huishia kuwa stoo. Upande huo utumike kwa jenereta, matangi ya maji na taka. Ghorofa ya kwanza wapewe mafundi cherehani, ofisi au zahanati, ili kelele za spika za madukani zisiingie moja kwa moja vyumbani mwa watu.

Kazi ngumu zaidi ni kuulinda mpango huo watu wakishahamia. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inawapa wamiliki chama na kanuni zao, nami nashauri kanuni hizo ziandikwe kabla ya sehemu ya kwanza kuuzwa: zikataze stoo katika nyumba za kuishi, zitaje saa za kushusha mizigo, na zidai mchango mkubwa zaidi kwa fremu, ambazo ndizo zinazozalisha taka nyingi. Kila nyumba na kila fremu iwe na LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, na taa za ngazini ziwe na yake.

Tamaa ya kuongeza fremu jengo likishakamilika ikataliwe kabisa, kwa kuwa kuchimba na kuvunja huweza kuliangusha jengo. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 25. Mkataba wa kila mpangaji ueleze kwamba kuchimba chini, kuvunja ukuta au kugusa nguzo bila mhandisi na kibali cha halmashauri kunavunja upangaji siku hiyohiyo.