Fungua kwanza, nunua baadaye: kuongeza RAM na SSD kwenye kompyuta ndogo ya mezani

Kompyuta yangu ya mezani ni ya kubebeka kwa mkono mmoja, kama kitabu kinene. Ilikuja na RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Ukiibonyeza asubuhi, unaweza kwenda kuoga na ukirudi utaikuta bado inasuasua. Sasa ina GB 16 na SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka), ila nilifika hapo baada ya kununua RAM mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kizazi cha DDR3, mashine inataka DDR4.

Ndiyo maana nasema anza na bisibisi, si na pochi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao mkuu wa kompyuta. Mfuniko ukitoka, nyanyua taratibu: nyingi za mashine hizi zina utepe mwembamba wa waya unaokwenda kwenye diski, na ukivuta kwa pupa unaukata.

Nyingi hutumia RAM fupi za laptop, ziitwazo SO-DIMM. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye RAM iliyomo na uipige picha. DDR3 ina pini 204, DDR4 260, DDR5 262, na pengo lililo katikati ya pini limewekwa mahali tofauti kwa kila aina. Ile DDR3 yangu ilikataa kuingia, nikasukuma kidogo, ikakataa tena. Ikikataa, usiibishie. Na kama huoni sloti yoyote, huenda RAM imechomelewa ubaoni; hapo pesa yako iende kwenye SSD peke yake.

Kuiingiza: ilaze mshazari, kama nyuzi 30, isukume mpaka pini za dhahabu zikaribie kupotea machoni, ndipo uibonyeze chini. Vibanio viwili vya pembeni vitalia "ka!" vyote viwili. Kikilia kimoja, itoe uanze upya. Ukiwa na sloti mbili, RAM mbili zinazolingana ni bora kuliko moja kubwa, hasa kwa kompyuta isiyo na kadi yake ya picha, kwa sababu picha zinakula RAM hiyo hiyo. Ukichanganya yenye kasi na ya polepole, zote zitakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole.

SSD ndiyo inayochanganya watu. Ile ya M.2, kijikadi chembamba kinachochomekwa ubaoni, yenye maandishi 2280 ina upana wa milimita 22 na urefu wa 80, lakini umbo halikwambii lugha inayozungumza. Kuna za SATA, njia ya zamani, na kuna za NVMe, njia ya kasi zaidi, na kuna sloti zinazokubali aina moja tu. Tafuta mwongozo wa modeli yako kamili, si wa "ndugu yake". SATA inafika kama MB 550 kwa sekunde. NVMe ya PCIe 3.0 (kizazi cha tatu cha njia yake ya data) inaweza kukaribia MB 3,500. Kwa anayetoka kwenye diski ya kuzunguka, mimi nasema asikose usingizi kwa tofauti hiyo. Zote mbili zitamshangaza.

Kabla ya kununua, hakikisha skrubu ya kushikilia M.2 ipo. Ni ndogo kuliko punje ya mchele na mashine nyingine huja bila hiyo. Yangu ilianguka chini ya feni, nikaisaka kwa tochi ya simu hadi shingo ikauma. Bisibisi yenye sumaku ingeniokoa.

Kuhamisha mafaili, unaweza kunakili diski nzima kwa Clonezilla, programu ya bure. Diski mpya iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker (kufuli lake la kulinda data ya diski), hifadhi ufunguo wake mahali pengine kwanza. Mimi napendelea kusakinisha upya, maana kunakili huhamisha na takataka zote za miaka. Kwa vyovyote, diski ya zamani usiifute mpaka umemaliza mwezi mmoja ukifanya kazi na mpya.

Sasa iwashe bila kufunga mfuniko. Kioo kinaweza kubaki cheusi dakika nzima au zaidi, hasa kwa DDR5, maana ubao unaipima RAM mpya. Mara ya kwanza niliogopa nikachomoa waya, ningengoja tu. Ikizidi dakika kadhaa, zima, chomoa, toa RAM uiketishe upya. Ikiwaka, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya ubao inayofunguliwa kabla ya Windows) uone kama kiasi cha RAM na jina la SSD vinaonekana. SSD ya pili ikionekana huko lakini Windows haiioni, nenda kwenye usimamizi wa diski, uianzishe kwa GPT (mpangilio wa kugawa diski), uunde sehemu ndani yake na kuipa herufi. Mfuniko unarudi mwisho.