Dawa ya mifupa na ya maumivu: namna ya kulinda tumbo

Anayetumia alendroneti kwa ajili ya mifupa iliyodhoofika aimeze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha akae wima au atembee kwa angalau dakika 30, kwa kuwa kidonge kikikwama njiani huchubua umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa baridi ya Mbeya, chai ya maziwa inavuta mapema, lakini isubiri hadi dakika hizo 30 ziishe. Mgongo ukizidi kuuma, asikimbilie diklofenaki au ibuprofeni ya duka la dawa, kwani hizo hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, na zikitumika pamoja na alendroneti hatari ya vidonda huongezeka. Amuulize daktari kama parasetamoli itamfaa. Akipata choo cheusi kama lami, aende hospitali siku hiyohiyo.