Kufungua Ofisi ya Wakili Mmoja wa Kesi za Kufilisika Nchini Marekani

Wakili anayetaka kujitegemea nchini Marekani kwa kuwatetea watu wa kawaida walioelemewa na madeni anaingia katika kazi ambayo sheria yake ni ya nchi nzima, lakini desturi zake ni za kila mahakama peke yake. Ufilisi huko unaongozwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1978, iliyofanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2005. Hata hivyo, mali ambayo mdaiwa anaruhusiwa kubaki nayo hutegemea kwa kiasi kikubwa sheria za jimbo lake. Kwa hiyo, ukishapata leseni ya jimbo na kuandikishwa katika mahakama ya shirikisho ya eneo lako, usikimbilie kukodi ofisi. Soma kwanza kanuni za mahakama hiyo, kisha uhudhurie vikao vyake vya wazi kwa wiki kadhaa ili ujue majaji na wafilisi wa hapo, yaani wasimamizi wa mali na malipo ya wadaiwa, hukasirishwa na nini. Aliyesomea sheria Dar es Salaam au Nairobi naye hajafungiwa mlango, kwa kuwa New York na California ni miongoni mwa majimbo yanayowaruhusu, kwa masharti, waliosoma nje kufanya mtihani wa uwakili.

Kesi nyingi za watu binafsi hufunguliwa chini ya Sura ya 7 au Sura ya 13 ya sheria hiyo. Katika Sura ya 7, mfilisi huuza mali isiyolindwa, ikiwa ipo, na madeni mengi hufutwa baada ya miezi michache. Katika Sura ya 13, mtu mwenye kipato cha kueleweka hulipa kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano, mara nyingi ili kuiokoa nyumba iliyo mbioni kupigwa mnada. Katika sura zote mbili, kwa kawaida maombi yanapopokelewa tu mahakamani wadai huzuiwa kudai, kukata mshahara au kuuza mali.

Tofauti ya sura hizo ndiyo inayoamua utakula nini. Ada ambayo mteja wa Sura ya 7 hajakulipa siku unapofungua kesi huwa deni kama madeni yake mengine, nayo hufutwa pamoja nayo. Tena mwaka 2004, katika kesi ya Lamie, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa mdaiwa halipwi kutokana na mali ya ufilisi wa Sura ya 7 isipokuwa ameajiriwa na mfilisi kwa idhini ya mahakama. Kwa sababu hiyo mawakili wengi hupokea ada yote mapema, pamoja na dola 338 za kufungulia kesi, na fedha ambayo bado hawajaifanyia kazi huiweka katika akaunti ya amana ya wateja. Katika Sura ya 13, ambayo kuifungua ni dola 313, sehemu ya ada yako inaweza kupitia katika mpango wa malipo, lakini huja kidogo kidogo na hukoma kesi ikitupwa. Ninashauri kuchanganya aina zote mbili na kuweka akiba, kwa maana kazi hii hupanda na kushuka kama bahari: mwaka 2005, watu walipokuwa wakiiwahi sheria mpya, kesi zilipita milioni mbili, ilhali mwaka 2022 hazikufika laki nne.

Jambo linalostahili muda wako kuliko mengine yote ni mahojiano ya kwanza. Andaa dodoso refu, na usikubali lijazwe kwa haraka, kwa sababu sahihi yako juu ya maombi ni uthibitisho kwamba umechunguza ipasavyo, na mteja hutia sahihi yake akijua kwamba uongo ni kosa la jinai. Dai hati za mshahara za siku 60 zilizopita na ritani ya kodi ya karibuni, ambayo ni lazima imfikie mfilisi angalau siku saba kabla ya kikao cha wadai, ambapo mfilisi humhoji mteja chini ya kiapo. Taarifa ya mikopo haitoshi, kwani haitakuonyesha deni la shemeji.

Mteja anayetoka kwetu Afrika Mashariki anahitaji maswali ya ziada. Muulize juu ya kiwanja cha Kibaha au Kitengela, kwa sababu sheria inahesabu mali popote ilipo na kwa yeyote aliyeishika. Muulize juu ya upatu, kwani zamu ambayo hajaipokea ni haki yake ya mali, na aliyoipokea mapema ni deni analodaiwa na wenzake. Fomu ya mahakama inauliza zawadi zinazozidi dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka miwili, na ada ya shule anayomtumia mpwa kila muhula huenda ikafika hapo. Ikiwa alimrudishia kaka yake mkopo ndani ya mwaka uliotangulia, mfilisi anaweza kumdai kaka huyo fedha hizo. Wengi hawafichi kwa hila; hawaoni tu kwamba mambo ya ukoo ni mambo ya mahakama. Ni afadhali uyasikie mezani kwako kuliko mfilisi ayaibue mteja akiwa chini ya kiapo.

Mpe mteja mkataba wa maandishi ndani ya siku tano za kazi tangu huduma ya kwanza. Matangazo yako nayo yaeleze wazi kwamba unawasaidia watu kuomba nafuu ya ufilisi. Uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Milavetz, mwaka 2010, ulithibitisha kwamba mawakili wamo katika sharti hilo.

Mwisho, kalenda. Mteja anatakiwa awe amepata ushauri wa mikopo ndani ya siku 180 kabla ya kufungua kesi, na anayekuja usiku wa kuamkia mnada bila cheti cha ushauri huo anaweza kutupiwa kesi. Baada ya kufungua kuna somo la pili, la kusimamia fedha, ambalo husahaulika kwa urahisi kwa kuwa simu za wadai zimekwisha kunyamaza. Uthibitisho wake usipoifikia mahakama, kesi inaweza kufungwa madeni yakiwa palepale, na kuifungua upya kuna ada nyingine. Kwa hiyo iandike tarehe ya mwisho ya uthibitisho huo siku ileile unapowasilisha maombi, na umpigie mteja simu wiki mbili kabla.