Namna ya Kupata Ngazi za Nishati za Elektroni kwa Kuanzia na Ulinganifu

Mwanafunzi wa fizikia hapa Dodoma anapokabidhiwa mlinganyo wa Dirac (ule wa kwanta unaoeleza elektroni kwa kuzingatia nadharia ya uhusianifu) kwa mara ya kwanza, mara nyingi huuvamia kwa kalamu, akajaza kurasa kadhaa za vijenzi vinne vilivyofungamana, na asijue mwishoni kama jibu lake ni sahihi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: tafuta kwanza yale yasiyobadilika, bashiri ngazi zipi zitalingana, kisha ndipo utatue.

Anza kwa kuandika Hamiltoni, yaani opereta (kitendo cha kihisabati) ya nishati nzima, ambayo Dirac aliitoa mwaka 1928, ukiiongezea mvuto wa kiini: H = cα·p + βmc² + V(r), ambapo c ni kasi ya mwanga, p ni momenta, m ni tungamo la elektroni, V(r) ni nishati ya mvuto huo, na α na β ni matriksi za nne kwa nne. Herufi α hutumika pia kwa ile namba isiyobadilika iliyo karibu na 1/137, inayopima nguvu ya mwingiliano wa sumakuumeme, na mchanganyiko huo umewapotezea wengi alama. Kwa hiyo namba hiyo nitaiita a. Kwa elektroni huru, nishati ni E = ±√(p²c² + m²c⁴), kwa hiyo spektra ina matawi mawili yaliyotenganishwa na pengo la 2mc², yaani takribani MeV 1.022. Usilifute tawi la chini kwa kudhani kwamba ni kosa la hesabu, kwani ndilo lililoashiria positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, ambayo Anderson aliigundua mwaka 1932.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito. Pima kila opereta kwa kuuliza kama inaweza kubadilishana nafasi na H bila kubadili jibu. Momenta ya mzunguko L peke yake haiwezi, na spini S peke yake haiwezi, lakini masalio yake mawili yana alama zinazopingana, hivyo jumla yake, J, inahifadhiwa. Fanya hesabu hii kwa mkono wako walau mara moja. Pariti nayo, yaani jinsi hali inavyobadilika nafasi zote zinapogeuzwa kinyume, inahifadhiwa, pamoja na opereta K = β(Σ·L + ħ), ambapo Σ ni matriksi za spini; thamani zake, −ħκ, hutupatia namba κ = ±(j + ½), j ikiwa namba ya J. Alama ya κ hutofautiana kati ya kitabu na kitabu; hapa κ = −1 ni hali ya s½ na κ = +1 ni hali ya p½ (s na p ni hali zenye namba ya L 0 na 1, na ½ ni j).

Ukishazipata lebo hizo, vijenzi vinne vinabaki milinganyo miwili tu ya umbali r. Kwa mvuto wa Coulomb, Darwin na Gordon waliitatua mwaka 1928:

E = mc² [1 + (Za / (n − |κ| + √(κ² − Z²a²)))²]^(−½)

Hapa n ni namba ya ngazi na Z ni idadi ya protoni katika kiini. Itazame fomula hii kabla ya kuingiza namba. Alama ya κ haina athari yoyote, kwa hiyo 2s½ na 2p½ zina nishati ileile ingawa pariti zake zinapingana. Ulinganifu wa tufe unaeleza kwa nini kila j ina hali 2j + 1, lakini haulielezi pacha hili. Linatokana na ulinganifu uliofichika wa mvuto wa Coulomb, ambao Johnson na Lippmann waliupatia opereta yake mwaka 1950. Ni kama ilimba ya Wagogo yenye ndimi mbili zilizopimwa sawasawa: sikio husikia sauti moja, na huwezi kujua kuwa ni mbili mpaka mmoja ulegee kidogo. Hakiki kwa n = 2: hali 2, 2 na 4, jumla 8, yaani 2n².

Unapofika kwenye namba, usiiamini kalkuleta. Nishati ya tuli ya elektroni ni takribani eV 511,000, ilhali tofauti kati ya 2p3/2 na 2p½ katika haidrojeni ni kama eV 0.000045, na kalkuleta ya tarakimu kumi huimeza yote. Tumia mfululizo:

E ≈ mc² [1 − Z²a²/2n² − (Z⁴a⁴/2n⁴)(n/|κ| − ¾)]

Toa kwanza nishati moja kutoka kwa nyingine kwa herufi; utabaki na mc²a⁴/32 kwa Z = 1, na hapo kalkuleta haina tatizo.

Maabara ikikuonyesha kwamba 2s½ iko juu ya 2p½ kwa takribani MHz 1,058, tofauti ambayo Lamb na Retherford waliigundua mwaka 1947, usirudi kutafuta kosa katika hatua zako: mlinganyo huu hauhesabu mwingiliano wa elektroni na uga wa mnururisho uliokwantishwa, yaani uliogawanywa katika fotoni. Vilevile, Z ikizidi 137, kipeuo √(1 − Z²a²) kinakuwa namba ya kufikirika. Hapo acha kukichukulia kiini kuwa nukta, kipe nusu kipenyo chake halisi, na utatue upya kwa kompyuta ukitumia κ zilezile.