Kumkata kucha mbwa anayeogopa

Mbwa akiuvuta mguu kila aonapo mkasi, usimwite mkaidi. Ndani ya ukucha mna mshipa wa damu na neva. Ukishakatwa hapo, hasahau. Mkasi butu nao huuma hata bila damu, maana huuminya ukucha kabla ya kuukata. Na mbwa wa kulinda geti, anayeshikwa siku ya chanjo na ya dawa ya kupe tu, ana kila sababu ya kuiogopa mikono.

Kabla ya kunguruma hulamba midomo, hupiga miayo, hugeuza kichwa, au huganda. Kuganda ndiko kunakodanganya watu: wanadhani ametulia, kumbe yuko karibu kuuma. Akinguruma, usimgombeze, atajifunza kuuma bila onyo.

Hatua ya 1. Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwake), uyakate vipande vidogo sana. Omena kavu pia zinafaa. Kwenye vigae tandika zulia, kwani mbwa anayeteleza huogopa maradufu.

Hatua ya 2. Gusa bega, kisha mpe kipande. Mguso kwanza, chakula baadaye. Ukianza na chakula, maini yenyewe yatakuwa ishara ya balaa. Siku baada ya siku teremka hadi kwenye wayo, dakika 2 au 3 kila mara. Akivuta mguu, mwachie, na safari ijayo anzia juu zaidi. Hapa usiharakishe hata kidogo.

Hatua ya 3. Mwonyeshe mkasi, mpe. Uguse ukucha bila kukata, mpe. Halafu kata tambi mbichi kavu karibu na mguu wake, azoee ule mlio.

Hatua ya 4. Kata ukucha mmoja tu, milimita 1 au 2 kwenye ncha. Kama ni mweusi, tazama uso uliokatwa: kitone cheusi kikitokea katikati, acha. Damu ikitoka, bandika kornflawa na ukandamize dakika kadhaa. Usisahau ukucha wa pembeni, juu ya wayo. Haugusi chini, hivyo hausagiki kwa kutembea na huweza kujikunja hadi ukachoma nyama.

Akikataa mguu mmoja tu, huenda unamuuma: mpeleke kwa daktari wa mifugo. Aliyewahi kuuma mzoeshe kwanza kifunga mdomo, kwa maini yaleyale.