SOMO: Kubadilisha waya za gia za Vespa PX mwenyewe, bila kuua gia

Assalaam alaykum wadau wote wa vespa.

Toka Ramadhani mpaka leo nimeulizwa jambo moja hilihili kwa simu, barazani, na hata nikiwa kwenye foleni ya petroli: "Waya ya gia imekatika, nifanyeje?" Leo naliandika lote, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa. Nazungumzia PX za gia nne, 125 na 150, ambazo Piaggio walianza kuzitoa mwaka 1977 kule Pontedera, Italia. Mwenye LML atafuata vilevile, maana LML ya India ilitengenezwa kwa leseni ya Piaggio kwa kufuata hiyohiyo PX. Mwenye Chetak ya Bajaj asome apate kuelewa kazi ilivyo, lakini kichwa cha usukani wake ni kingine.

Kwanza ujue unachokishika. Ukizungusha mkono wa kushoto wa usukani, ndani ya kichwa cha usukani kuna puli inayozunguka pamoja nao. Kwenye puli hiyo zimeshika waya mbili, zinashuka ndani ya bodi, zinatokea upande wa injini na kuishia kwenye kisanduku kidogo cha gia, nyuma ya feni, usawa wa ekseli ya gurudumu la nyuma. Waya moja inavuta kupanda gia, ya pili inavuta kushuka. Kwetu visiwani haziishi kwa uzee tu. Chumvi inaingia ndani ya kava, yaani mrija ambao waya inapita ndani yake, waya inapata kutu usiyoiona, mkono unakuwa mzito kidogo kidogo, halafu siku moja inakatika ukiwa katikati ya Darajani saa ya watu kutoka kazini.

Vifaa: bisibisi ya nyota, spana ndogo namba 7 na 8, plaizi, kikatio cha waya chenye makali, grisi nyepesi, na kipande cha waya ndefu ya zamani. Hicho cha mwisho usikidharau.

Hatua ya 1. Nunua waya mbili hata kama imekatika moja. Iliyobaki imekula chumvi ileile.

Hatua ya 2. Funga petroli, toa vifuniko vya ubavuni vyote viwili.

Hatua ya 3. Fungua kichwa cha usukani. Skrubu zimo upande wa chini. Nyanyua kifuniko kidogo, taratibu, uchomoe waya ya spidi kwa chini yake, ndipo ukitoe.

Hatua ya 4. Kabla hujalegeza chochote, funga utepe mwekundu kwenye waya moja, juu kwenye puli na chini kwenye kisanduku. Ukizipishanisha, mkono utafanya kazi kinyume: unataka kushuka gia, yenyewe inapanda. Barabarani hilo linaweza kukuangusha.

Hatua ya 5. Legeza vibano viwili kwenye kisanduku cha gia, kata ncha zilizochanuka, kisha vuta waya za zamani kwa juu. Ncha iliyochanuka ikiingia ndani ya kava itakwama katikati, na hapo ndipo watu huanza kuvuta kwa hasira.

Hatua ya 6. Kagua kava. Ikiwa waya inateleza ndani bila kukwaruza, iache. Ikiwa imeoza au imekunjika, ibadilishe pia, lakini USIITOE kwanza. Pitisha ndani yake ile waya ndefu ya zamani mpaka itokeze pande zote mbili, ndipo uchomoe kava na kuiacha waya mahali pake ndani ya bodi. Kava mpya unaivika kwenye waya hiyo, unaisukuma, nayo inafuata njia. Ukichomoa kava ovyo, njia imepotea, na kuitafuta tena kwa upapasaji ndani ya bodi ni kazi ya siku nzima.

Hatua ya 7. Paka waya mpya grisi kidogo, iingize kutoka juu, kichwa chake kikae sawasawa kwenye tundu la puli. Hakikisha mwisho wa kava umekaa kwenye kikombe chake, juu na chini. Kava ikikaa kando, leo utarekebisha vizuri, kesho itatumbukia mahali pake na marekebisho yako yote yatalegea.

Hatua ya 8. Kukaza. Hapa soma mara mbili.

Mara yangu ya kwanza nilifanya kila kitu vizuri mpaka hapa. Nikaona waya zikilegea kidogo, nikasema hapana, kitu kizuri ni kilichokazwa. Nikazivuta kwa plaizi mpaka zikalia kama nyuzi za udi, nikabana. Mkono ulikuwa mzito, nikajiambia ni upya. Baada ya wiki mbili hivi, nikipanda Masingini nimempakia mama, gia ya pili ikaruka. Injini ikapiga kelele, vespa ikapoteza nguvu, mama akanishika kiuno kwa mikono miwili. Nikairudisha, ikaruka tena. Nami badala ya kusimama na kuangalia waya, niliendelea kuitumia hivyo miezi mitatu, huku nikiushikilia mkono kwa nguvu gia isiruke.

Kumbe nilikuwa naila gia mwenyewe. Ndani ya injini kuna kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, kinachosogea ndani ya ekseli na kushika gia moja baada ya nyingine. Kisanduku cha nje ndicho kinachokisogeza, na ndani ya kisanduku kuna kijino chenye springi kinachoingia kwenye pengo la kila gia; ndiyo ile "tak" unayoisikia. Waya zikikazwa kupita kiasi au zikiwa hazikulingana, zinakivuta kijino nje kidogo ya pengo lake. Msalaba unashika gia kwa ncha tu badala ya kuingia wote, na kila ikiruka, kona zake zinaliwa. Zikishakuwa mviringo, hata uweke waya mpya kila wiki, gia itaruka tu. Na msalaba haubadilishwi ila kwa kushusha injini na kuipasua nusu mbili. Waya mbili za bei ndogo zilinipeleka mpaka huko.

Kwa hiyo fanya hivi. Usianzie juu, anzia chini. Sogeza mkono wa kisanduku kwa kidole mpaka mwisho wa gia ya kwanza, huku ukizungusha gurudumu la nyuma kidogo kidogo ili gia zikubali kuingia. Kisha urudishe "tak" moja. Hiyo ni nyutro, iko kati ya moja na mbili. Sukuma vespa: ikienda bure bila injini kuzunguka, uko sawa. Sasa panda juu, weka alama ya mkono kwenye nyutro, mtu akushikie. Rudi chini, vuta kila waya mpaka ulegevu uishe, basi, usiongeze hata kidogo, ubane. Utamu wa mwisho unautafuta kwa skrubu za kurekebishia zilizopo pale kwenye kisanduku, si kwa plaizi. Mkono ubaki na mchezo mdogo, milimita moja au mbili. Mchezo huo unakipa kijino nafasi ya kukaa kwenye pengo lake chenyewe.

Legevu sana nayo ni mbaya, maana gia inaingia nusu. Ukiona alama ya juu inasema mbili na chini bado haijalia "tak", kaza kwa skrubu, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Hatua ya 9. Usikate waya bado. Jaribu gia zote nne, gurudumu la nyuma likiwa juu, kupanda na kushuka. Endesha mtaani dakika kumi, rudi, rekebisha tena, kwa sababu waya mpya hujivuta. Ndipo ukate, ubakishe sentimita tatu, na ukiweza utie lehemu kwenye ncha isichanuke.

Hatua ya 10. Rudisha vifuniko. Baada ya wiki moja angalia tena.

MASWALI YA WADAU

Mdau (Mwanakwerekwe): Kwa ufupi sheikh, nikaze kiasi gani?

Jibu: Hatua ya 8. Imeandikwa yote.

Mdau (Wete): Waya ya breki ya baiskeli haifai? Hapa kwetu waya za PX lazima usubiri mtu atoke Unguja.

Jibu: Haifai. Kichwa chake si cha tundu la puli ya PX, kitakaa upande na kukatika palepale. Agiza jozi mbili kwa pamoja, moja uiweke chini ya kiti imefungwa kwenye nailoni yenye grisi. Yangu ipo hapo siku zote.

Mdau (Mombasa): Fundi wangu huzikaza kabisa na mwaka wa tatu huu sijaona shida. Usitishe watu bure.

Jibu: Bwana, sikumtisha mtu, nimeeleza kilichonipata na sababu yake. Fanya hili: weka gia ya pili, shuka, zungusha mkono kidogo kulia na kushoto bila kubadili gia. Kama hakuna mchezo hata chembe, waya zako zinavuta muda wote. Injini ni yako.

Mdau (Mombasa): Nimejaribu. Hakuna mchezo.

Jibu: Legeza kila skrubu nusu mzunguko leo hii, kabla ya safari nyingine. Kama bado hairuki, msalaba wako umesalimika. Alhamdulillah.

Mdau (Jang'ombe): Samahani kaka, mimi ni mgeni, nimeachiwa vespa na marehemu baba. Kwa nini waya ziwe mbili? Klachi inayo moja tu, na breki moja.

Jibu: Mungu amrehemu mzee, dada, na umeuliza swali zuri kuliko yote ya leo. Waya inajua kuvuta tu, haijui kusukuma, ukiisukuma inajikunja. Klachi na breki zinavutwa na mkono wako, halafu springi inazirudisha. Gia haiwezi kurudishwa na springi, maana unataka ibaki ulipoiweka, iwe mbili au tatu. Kwa hiyo lazima moja ivute kwenda na nyingine ivute kurudi. Vespa za mwanzo kabisa, zile za 1946 zilizochorwa na Corradino D'Ascanio, hazikuwa na waya za gia. Zilitumia fimbo za chuma, na fimbo inavuta na kusukuma. Waya zikaja baadaye, kwa kuwa zinapita ndani ya bodi na kupinda popote. D'Ascanio alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na ukiangalia gurudumu la mbele lililoshikwa upande mmoja tu, utaona mawazo ya mtu wa ndege.

Mdau (Jang'ombe): Ahsante sana. Basi na gurudumu likishikwa upande mmoja linafunguka kama la gari?

Jibu: Ndiyo, na hapa nisimame kidogo kwa sababu ni jambo la hatari. Kwenye gurudumu la PX utaona nati za aina mbili. Tano zinashika gurudumu kwenye habu, hizo ndizo unazofungua ukipata pancha na kuweka spea. Tano nyingine zinaunganisha nusu mbili za rimu. Usiziguse hizo za pili tairi ikiwa na upepo. Nusu mbili zitaachana kwa nguvu ya upepo wote uliomo, usoni mwako. Toa upepo mpaka mwisho, bonyeza tairi kwa mkono uhakikishe, ndipo upasue rimu. Mwambie hivyo na kijana yeyote wa pancha kabla hajashika spana.

Mdau (Maskati): Nimekupata vizuri ami. Nafufua PX 150 ya babu yangu huku Oman, imekaa miaka mingi. Mkono wa gia haugeuki kabisa. Nianze na waya?

Jibu: Usilazimishe. Legeza vibano vya chini kwanza, kisha jaribu mkono peke yake. Ukigeuka, shida ni waya au kisanduku. Usipogeuka, bomba la mkono limeshika kutu ndani ya kichwa cha usukani: tia mafuta ya kulainisha, acha usiku mzima, geuza polepole. Jaribu na kisanduku kwa kidole huku unazungusha gurudumu. Na kabla ya kupiga kiki, mwaga oili ya gia ya zamani, tia mpya, SAE 30, robo lita.

Mdau (Maskati): Na petroli?

Jibu: Kama haina tangi la oili la pembeni, changanya asilimia mbili: mililita 100 za oili ya tu-stroki kwa lita 5 za petroli. Petroli ya zamani itoe yote, na kabureta uisafishe.

Mdau (Wete): Tukiwa hapohapo, upepo wa tairi mnatia kiasi gani?

Jibu: Mbele pauni 18. Nyuma 25 ukiwa peke yako, 36 ukipakia mtu. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi.